Bi Moza na Orodha ya Chungwani

Ofisi ya Serikali ya Mtaa wa Chungwani, hapa Kariakoo, ni chumba kimoja na kibaraza chake. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, jua hulioni ila saa sita mchana, tena kwa kuchungulia. Ndani mna meza, mabenchi mawili, kabati la chuma lililokataa kufungika, na ukutani karatasi yenye majina ya kamati: mwenyekiti na wajumbe sita. Jina la Bi Moza ni la tatu kutoka juu. Aliingia mwaka elfu mbili na nne, na mpaka leo hajatoka. Wenyeviti wanne wamempita. Watendaji, wale wanaoletwa na manispaa kuja kuandika na kugonga muhuri, hao hata idadi yao haijui. Huja wembamba, wakanenepa, wakahamishwa.

Halipwi. Mtu asije akadanganywa kwamba ujumbe wa mtaa una mshahara. Una soda, na siku ikiwa njema, soda na andazi. Majirani humwuliza, "Bi Moza, na miguu hiyo, kule unafuata nini?" Naye hujibu, "Nafuata benchi. Nyumbani sina benchi."

Lakini kazi ipo. Manispaa ni kubwa na ina magari, ila haijui nani kafa Chungwani, nani kahamia, nani anafungulia maji ya choo mvua ikinyesha, turubai la msiba wa nani limefunga njia na kwa siku ngapi. Kamati ndiyo inayojua. Manispaa haigusi kitu mpaka iletewe karatasi kutoka mtaani, na karatasi hiyo ndiyo muhtasari wa kikao: nani alikuwepo, nini kilisemwa, nini kilikubaliwa. Bila muhtasari hata taa ya njiani haibadilishwi.

Na hapo kwenye muhtasari ndipo Bi Moza alipojipatia sifa mbaya. Wenzake wakipewa karatasi husaini huku wameshashika viatu. Yeye hasaini. Alisoma kisomo cha watu wazima zamani hizo, miezi minane, akaacha kwa uzazi. Herufi anazijua moja moja. Zikikaa nyingi pamoja humchosha. Basi huirudisha karatasi mezani na kusema, "Nisomee."

"Yote, Bibi?" huuliza Candida, mtendaji wa sasa, binti wa Kilimanjaro mwenye sauti ya upole na simu isiyonyamaza.

"Yote. Mpaka na tarehe."

Candida husoma. Mwenyekiti, Mrisho, mwanamume wa makamo mwenye duka la vipuri vya pikipiki, huegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Ikiisha kusomwa, Bi Moza huchukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa nne, polepole, kama mtu anayepanga mawe. Hapo ndipo kikao kinapokwisha. Miaka ishirini na zaidi mambo yamekuwa hivyo, na hakuna karatasi ya Chungwani iliyomtoka mkononi bila yeye kujua imesema nini.

Kwa hiyo lile kosa la mwezi wa pili hawezi kumtupia mtu mwingine. Aliliona, akalisikia, akasomewa, akaliandikia jina lake.

Ilikuwa hivi. Manispaa ilitaka orodha ya wazee wasiojiweza, wapewe kadi ya kutibiwa bila kulipa. Candida akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Kamati ikakaa, ikapitia majina. Kisha, kwa kuwa ndiyo taratibu, ukaitishwa mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa shule, majina yakasomwa mbele ya watu, ili mwenye neno aseme. Yakaanza kusomwa. Fulani bin fulani, kimya, anapita. Fulani binti fulani, kimya, anapita. Mara Candida akasoma: "Mwanamkuu Salum Kondo."

Bi Moza alishtuka kama kamwagiwa maji. Siku ya kikao cha kamati alikuwa msibani Upanga, hakujua jina hilo limo. Mwanamkuu ni shoga yake tangu wote wawili wana kiuno. Wamechezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja, wameolewa mtaa mmoja, wamezika waume zao makaburi yaleyale. Mwanamkuu mshona kofia, kofia za mkono zile za viua, ambazo waungwana huzivaa Idi mpaka Idi. Leo anasomwa uwanjani kwamba hajiwezi, na wauza mitumba wanageuza shingo kumtafuta!

Akasimama. "Mtendaji, hilo jina lifute. Huyo ana watu wake. Ana mikono yake. Msimvue mtu nguo hadharani."

Watu wakasema, "Kweli, kweli." Mzee mmoja akapiga makofi. Mwanamkuu mwenyewe alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha plastiki, mtandio umemshuka usoni, hakuinua kichwa. Candida alimtazama, akangoja kidogo, kisha akapiga mstari.

Bi Moza alirudi nyumbani siku hiyo amejinyoosha mgongo. Amemsitiri mwenzake. Kwetu sisi, mtu ukimwona mwenzio kanga imemdondoka, hungoji akuombe, unamfunika. Ndivyo alivyolelewa, na hakuna aliyemfunza kwamba kuna siku kanga hiyohiyo inaweza kumziba mtu pumzi.

Wiki mbili zikapita. Jumanne moja asubuhi akaenda kwa Mwanamkuu kupeleka mhogo wa nazi. Mwanamkuu anakaa chumba cha uani, nyumba ya urithi iliyobaki peke yake kati ya maghorofa. Alimkuta amekaa mkekani, kofia gotini, anashona. Mbele yake kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa sindano kumi zimelazwa sambamba, kila moja na uzi wake.

"We, hizi sindano zote za nini?"

"Badria hunitungia asubuhi kabla hajaenda kwenye chapati zake," Mwanamkuu akasema. Badria ni mpangaji wa chumba cha mbele. "Zikiisha kumi, nami kazi imeisha. Mpaka kesho."

"Huwezi kutunga uzi mwenyewe?"

Mwanamkuu akacheka kidogo. "Moza, umekaa upande gani wangu?"

"Kushoto."

"Basi ndiyo maana sikuoni."

Bi Moza akaweka bakuli chini. Akapitisha mkono mbele ya jicho lile la kushoto. Halikupepesa. Ikabidi aambiwe: ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, halirudi, daktari amesema. La kulia linaweza kubaki likipata dawa ya matone kila siku, asubuhi na jioni, maisha yote. Chupa ilikuwa pale kwenye rafu, karibu na kopo la chumvi, imefungwa kwa kitambaa. Bi Moza akaitikisa. Haikulia.

"Imeisha lini?"

"Haijaisha. Natia siku moja, naruka mbili."

"Kwa nini uruke?"

"We nawe! Kwa nini mtu huruka mlo?"

Nje mkokoteni ulipita, mtu akapiga kelele za "pisha, pisha." Ndipo Bi Moza alipouliza lile alilokuwa analiogopa tangu alipopitisha mkono. "Yule binti, Candida, alikuandika mwenyewe tu, au...?"

"Nilimwomba," Mwanamkuu akasema, akirudia kushona, kidole kinatangulia sindano inafuata. "Alipopita na daftari nilifunga mlango, nikamwambia polepole, mwanangu niandike. Nilifikiri kusomwa ni mara moja tu, nitainama, itapita. Ikawa inapita. Mpaka uliposimama."

"Ungenikatalia palepale!"

"Nikukatalie wewe? Mbele za watu, wewe unayenisitiri? Ningeonekana mtu wa namna gani?"

Bi Moza alikaa pale mpaka sindano ya tisa. Kisha akaondoka bila kuaga vizuri, bakuli akalisahau.

Alikwenda moja kwa moja ofisini. Candida alikuwa anamwandikia mtu barua ya utambulisho.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Lile jina la Mwanamkuu, lirudishe."

Candida akaweka kalamu. "Bibi, siwezi kulirudisha kwa mkono. Limefutwa na mkutano, limeandikwa kwenye muhtasari, na wewe umesaini. Nilikusomea."

"Najua ulinisomea. Nakwambia lirudishe."

"Sikiliza Bibi yangu." Candida akavuta benchi karibu. Akaeleza, na kwa haki ya Mungu alieleza kwa adabu. Orodha bado haijatoka kwake. Alhamisi ya wiki ijayo inakaa kamati ya maendeleo ya kata, nayo ikishapitisha, orodha inakwenda kwa watu wa ustawi wa jamii manispaa, na mlango unafungwa mpaka mwaka mwingine. Lakini Jumapili hii upo mkutano wa mtaa juu ya mitaro, maana masika yananukia. Kamati ikikaa Jumamosi, ikakubali jina, jina likasomwa Jumapili mbele ya watu na watu wakalipitisha, yeye Jumatatu ataliandika. "Ila lazima lisomwe. Lisiposomwa, kata wataturudishia."

"Jicho linakufa huku, wewe unaniambia kusomwa!"

"Bibi, wewe ndiye uliyenifundisha. Karatasi isiyosomwa si karatasi."

Bi Moza akamtazama yule binti. Alitaka kumtukana, akakosa tusi.

Jioni akarudi kwa Mwanamkuu. Akamweleza mambo ya Jumamosi na Jumapili. Mwanamkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Nimeshasomwa mara moja na kufutwa. Nisomwe tena, watu waseme, aa, kumbe kweli? Kumbe hana watu? Acha, Moza. Jicho ni langu."

"Ni lako, lakini nimelitia mchanga mimi."

"Basi Mungu akusamehe, mimi nimeshakusamehe. Kanywe chai."

Bi Moza hakunywa chai. Alikaa ameshika magoti yake. Mtu akimjua Bi Moza atajua kwamba kusamehewa humuuma kuliko kugombezwa. Muda mrefu alitazama ile chupa ya dawa kwenye rafu, kisha akasema, kama mtu anayezungumza na chupa:

"Hafidhi hajapiga simu mwaka wa tatu huu."

Mwanamkuu akageuza jicho lake zima. Hafidhi ni mwanawe wa pekee Bi Moza, yuko Maskati. Chungwani nzima inajua kwamba Hafidhi humtumia mama yake kila mwezi, kwa sababu Bi Moza mwenyewe ndiye husema hivyo. Nguo mpya, ya Hafidhi. Mchele, wa Hafidhi.

"Na ile dira nyeusi uliyovaa juzi?"

"Ya dada yangu marehemu. Nimeifupisha."

"Na godoro?"

"Godoro gani? Nalalia lilelile la arusi, nimeligeuza tu upande."

Mwanamkuu akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akashika ubavu. "Moza! Mtu mzima na uongo!"

"Cheka, cheka. Jumapili tutasomwa wawili. Nitasomwa mimi kwanza, wewe unafuata. Wakikutazama, watakuwa wameshachoka kunitazama mimi. Unakubali, hukubali?"

Mwanamkuu alifuta machozi kwa pembe ya kanga, jicho lililo hai na jicho lililokufa, yote mawili. "Wewe kwanza," akasema. "Nisikusikie umebadilisha."

Jumamosi saa kumi kamati ikakaa. Kukaa kwenyewe ni neno tu. Wajumbe ni saba pamoja na mwenyekiti, na ili kikao kiwe kikao lazima wawe wanne. Wawili wamesafiri. Mmoja, Heriel, mfanyabiashara wa jumla, huonekana ofisini mara moja kwa mwaka. Wakapatikana Mrisho, fundi cherehani mmoja, mama mmoja wa mgahawa, na Bi Moza. Wanne kamili. Mrisho akafungua kikao, akaambiwa agenda, akashangaa jina la kwanza.

"Bi mkubwa, hapa pameandikwa jina lako. Mtendaji kakosea."

"Hajakosea."

Mrisho akamtazama Candida. Candida akatazama meza.

"Mama," Mrisho akasema taratibu, "usitufanyie mzaha. Wewe mzazi wa Hafidhi."

"Nimemzaa, ndiyo. Endelea na kikao."

Mama wa mgahawa akasema "Yarabi" kwa sauti ndogo. Mrisho akajikuna shingo, kisha akakumbuka jambo, na ukiona Mrisho amekumbuka jambo ujue ni kanuni. "Sasa kuna tatizo. Mjumbe hawezi kukaa anapojadiliwa yeye. Lazima utoke nje. Na ukitoka tunabaki watatu. Tukibaki watatu hatuna kikao, hilo jina lako halipo na la Mwanamkuu halipo."

"Toa lake tu basi, lijadiliwe la pili," akasema fundi cherehani, mtu wa kutafuta njia za mkato.

"La kwangu halitolewi," Bi Moza akasema. "Bila la kwangu, mwenye la pili hakubali. Nimeahidi. Heriel yuko wapi?"

"Heriel? Jumamosi saa kumi? Yuko dukani anauza. Nitamtumia karatasi asaini, si ndivyo siku zote?"

Bi Moza alikuwa ameshavaa ndala.

Kutoka ofisini mpaka duka la Heriel ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye magoti. Kwa Bi Moza ulikuwa mwendo wa kusimama mara nne. Jumamosi Kariakoo haina pa kukanyaga. Vyombo vya plastiki vimepangwa mpaka barabarani, wabeba mizigo wanapita wameinamisha vichwa, wateja wa kutoka Zambia na Kongo wanahesabu dazeni kwa sauti. Alishika ukuta, akavuka, akashika ukuta mwingine. Alipofika alikuta mlango wa Heriel umejaa marobota ya vitenge na watu wamesongamana kaunta. Akachagua robota moja katikati ya mlango, akakaa juu yake.

"Bibi, hapo ni njia," akasema mwuzaji.

"Naiona. Mwite Mangi."

Heriel, ambaye kama Wachaga wengine wenye maduka huitwa Mangi, akashuka kutoka juu, mtu mnene, kalamu sikioni, jasho usoni. "Shikamoo Bibi! Kuna nini tena? Barua ya taka?"

"Marahaba. Inuka twende kikaoni."

"Bibi yangu, leo Jumamosi! Lete karatasi nisaini hapahapa, hata kumi."

"Saini yako sina shida nayo, kabati limejaa. Mwezi wa pili umesaini kwamba ulikuwepo mkutanoni. Ulikuwepo?"

Heriel akapunguza sauti. "Bibi, wateja wanasikia."

"Wasikie. Nataka mwili wako ukae kwenye benchi robo saa. Mpaka utakapokaa, mimi nimekaa hapa. Robota lako laini, Mangi, nimelipenda. Ni la kwenda wapi?"

"Lubumbashi," akasema mteja mmoja, mwenye robota, akitabasamu kwa wasiwasi.

"Basi tutafika pamoja."

Watu wakacheka. Heriel akacheka pia, lakini macho yalikuwa kwenye saa. Alijua mtu mzee ukimgusa dukani kwako, Kariakoo nzima itakuwa na habari kabla ya magharibi. Akatoa kalamu sikioni, akamkabidhi mwuzaji. "Robo saa, Bibi."

"Nipe mkono basi. Nimechoka kweli."

Akampa mkono. Walipokaribia ofisi Heriel akauliza, "Bibi, ni jambo gani hilo kubwa?"

"Ni mimi," akasema Bi Moza. "Mtaamua kama mimi ni maskini."

Heriel akasimama katikati ya njia, pikipiki ikampigia honi.

Wakaingia. Heriel akakaa. Bi Moza akatoka. Mara ya kwanza tangu mwaka elfu mbili na nne akawa upande wa pili wa mlango ule, amekaa kibarazani pamoja na watu wanaongoja barua. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Alisikia Mrisho akikohoa. Alisikia kimya kirefu, kisha Heriel akiuliza kitu, na Candida akijibu. Ilimjia kwamba miaka yote hii hakuwahi kujiuliza wale wanaokaa hapa nje husikia nini. Husikia kukohoa, basi.

Mlango ukafunguliwa. "Ingia Mama," akasema Mrisho, bila kumtazama usoni. "Yote mawili yamepita."

Heriel alikuwa ameshasimama kurudi dukani. Alipompita akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, ungeniambia tu mimi. Mchele ni kitu gani?"

"Ahsante mwanangu. Mchele wako ungenishibisha mimi. Kamati ni ya wote."

Jumapili uwanja wa shule ulijaa, maana mitaro ni jambo linalomgusa kila mtu. Wanaoteremkia upande wa Jangwani walishapoteza magodoro kwa mafuriko mwaka jana. Wakabishana juu ya mitaro mpaka jua likakolea. Ndipo Candida akasimama na karatasi. "Kuna nyongeza ya orodha ya wazee. Majina mawili. Nasoma. La kwanza: Moza Ramadhani Pazi."

Kimya kilichofuata hakikuwa kile cha fulani anapita. Kilikuwa kimya cha watu wanaofikiri wamesikia vibaya. Bi Moza alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono wake umeshika mkono wa Mwanamkuu.

Nyuma mtu akasimama. Alikuwa Badria, yule wa chapati, mtungaji wa sindano, ambaye siku ya posa yake Bi Moza ndiye aliyekaa kwa niaba ya mama yake marehemu.

"Mtendaji, hapana!" Badria akasema. "Bi Moza hawezi kusomwa hapo. Bi Moza ana Hafidhi wake Maskati, kila mwezi anamtumia. Futeni jina hilo. Msimdhalilishe mama yetu!"

"Kweli, kweli," wakasema watu. Makofi yakaanza mahali.

Bi Moza alisikia makofi yale na mgongo wake wenyewe ukataka kunyooka. Ilikuwa rahisi mno. Angenyamaza tu. Angenyamaza kama Mwanamkuu alivyonyamaza, Candida angepiga mstari, na angerudi nyumbani na Hafidhi wake mzima. Jina la pili lingesomwa peke yake, shoga yake angesema hapana, basi. Alielewa sasa, kwa mwili wake, kwa nini Mwanamkuu hakuinua kichwa siku ile.

Akasimama. Magoti yalilia.

"Badria mwanangu, kaa chini. Mungu akuzidishie. Hafidhi hanitumii kitu. Mwaka wa tatu sasa sijui hata kama ni mzima. Niliyokuwa nawaambia nilikuwa nawaambia kwa kiburi changu. Mimi sina mtu. Mtendaji, jina liache kama lilivyo. Na mwenye neno juu ya jina la pili alifikirie mara mbili, kwa sababu mwezi wa pili mimi nililisema langu na nilikosea."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Badria alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Jina la pili," akasema Candida, na hakungoja: "Mwanamkuu Salum Kondo."

Kimya. Mwewe alipita juu ya uwanja. Candida akahesabu moyoni, mtu angeweza kuona midomo yake ikihesabu.

"Limepita."

Walirudi nyumbani kila mmoja na kiti chake cha plastiki, wanakiburuta. Mwanamkuu alitembea upande wa kushoto wa Bi Moza, ili jicho zuri limwone.

"Ulisema kwa sauti kubwa mno," akasema Mwanamkuu. "Wamekusikia mpaka Feri."

"Wasikie. Nitakuwa na kipi tena cha kuficha?"

"Godoro hukulisema."

"Godoro lisubiri mkutano mwingine."

Jumatatu Candida akamwita kuja kusaini. Bi Moza akaketi, akasema neno lake lile. Candida akasoma yote: mitaro, michango ya kuizibua, waliohudhuria, na mwisho, "Mhusika wa kwanza alitoa maelezo, mkutano ukaridhia."

"Maelezo gani?"

"Bibi, nimefupisha tu. Nilifikiri hutapenda..."

"Andika nilivyosema. Hafidhi hanitumii. Na kwamba mwezi wa pili nilikosea. Wakikaa huko kata wakiuliza kwa nini jina lilifutwa kisha likarudi, karatasi iwajibu. Wewe hutakuwepo kuwajibu."

Candida akaandika upya ukurasa mzima kwa mkono, akausoma tena, mpaka na tarehe. Bi Moza akapanga herufi zake nne. Siku hiyo herufi ya mwisho ilikwenda upande, na hakuirekebisha.

Karatasi sasa itakwenda kata, na kutoka kata itakwenda manispaa, na huko atakuwepo mtu mwenye meza ataiweka juu ya nyingine. Bi Moza anaijua njia hiyo. Ameitazama miaka ishirini ikimeza taa za njiani na mifuniko ya mitaro. Ile chupa kwenye rafu haijui habari za vikao. Badria amesema mpaka kadi itoke, tone la jioni ni juu ya chapati zake, na Mwanamkuu amekubali baada ya kukataa mara tatu, kama inavyopasa.

Alhamisi asubuhi kamati ya kata ilikaa. Bi Moza si mjumbe wa kata, na mlangoni walimwambia wageni hawaruhusiwi ndani. Akauliza kama kibaraza nacho ni ndani. Wakatazamana. Akajivutia benchi karibu na dirisha, akalegeza ndala, akamwambia karani aliyekuwa akiingia na faili mikononi:

"Mkifika kwenye Chungwani, mwanangu, soma kwa sauti. Mimi nipo hapa."